Presha Isishuke Mezani: Ganzi ya Mgongo kwa Mama Anayejifungua kwa Upasuaji

Watu wengi wakisikia upasuaji wa kujifungua huogopa kisu. Sisi tunaokaa upande wa kichwa cha meza huogopa zaidi zile dakika chache zinazofuata sindano ya ganzi, kabla kisu hakijagusa ngozi. Ndani ya dakika hizo presha ya mama inaweza kushuka kwa kasi. Ataanza kupiga miayo, kutapika, kutoka jasho la baridi, kuona giza, na mtoto aliye tumboni atapungukiwa hewa. Pasipo kinga yoyote, zaidi ya nusu ya akina mama hupatwa na hali hii, na baadhi ya tafiti zimeikuta kwa saba au nane katika kila kumi. Kwa wingi huo hatuna haki ya kuiita bahati mbaya. Mtu akijua mvua itanyesha, huanua nguo kabla ya tone la kwanza.

Ninamwandikia mjamzito aliyeambiwa atajifungua kwa upasuaji, mumewe, mama yake mzazi, wifi atakayemsindikiza, na pia nesi au mkunga wa kituo ambacho mtaalamu wa usingizi ni mmoja na usiku huo hana msaidizi. Vipimo vya dawa sitavitaja, kwa sababu huamuliwa na aliyefunzwa akiwa na mgonjwa mbele yake. Nitaeleza kwa nini presha hushuka, nini hufanywa ili isishuke, na mama mwenyewe ana kazi gani katika hilo. Kazi yake ni kubwa kuliko anavyoambiwa.

Kinachotokea mwilini

Ganzi ya mgongo ni ya zamani. August Bier, daktari Mjerumani, aliitumia mjini Kiel mwaka 1898. Siku hizi dawa inayotumika zaidi ni bupivakeini, inayowekwa katika maji yaliyozunguka mishipa ya fahamu ndani ya mgongo. Sindano hupita chini ya pale uti wa mgongo unapoishia, kwa hiyo ile hofu ya kuchomwa uti na kupooza, inayozungumzwa sana kwenye foleni za kliniki, isimkoseshe mama raha. Kwa mjamzito njia hii kwa kawaida ni salama kuliko nusu kaputi. Koo la mjamzito huvimba kwa ndani, kilichomo tumboni hupanda kwa urahisi, na kumwingizia mpira wa kupumulia kunaweza kuwa kugumu sana. Akiwa na ganzi anapumua mwenyewe, na mtoto akilia anamsikia.

Lakini dawa ile haiishii kwenye maumivu. Hulaza pia mishipa ya fahamu ambayo kazi yake ni kuikaza mishipa ya damu. Mishipa ya damu ya miguu na tumbo hulegea, hupanuka, damu hutuama huko chini, na inayorudi moyoni hupungua. Ganzi ikipanda hadi kifuani hugusa na ile mishipa inayouharakisha moyo, mapigo yakapungua wakati ule ule moyo ulipotakiwa kukimbia. Ubongo ukikosa damu ya kutosha hutoa taarifa kwa njia ya kichefuchefu na kizunguzungu. Ndiyo maana mama anapotapika mezani sisi hutazama kwanza mashine ya presha, kisha ndiyo tunatafuta beseni.

Kwa mjamzito kuna mzigo wa pili, mimba yenyewe. Akilala chali, mji wa mimba huulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, unaopita upande wa kulia mbele ya mifupa ya uti wa mgongo. Wajawazito wengi wanalijua jambo hili bila kufundishwa na mtu: wakilala chali moyo huwaenda mbio, na hugeukia ubavu wenyewe. Aliyechomwa ganzi hawezi kugeuka. Mwili wake pia umepoteza ule uwezo wa kukaza mishipa ambao kila siku ulikuwa ukimwokoa.

Na mtoto? Mimba ikitimia, mililita 500 hadi 700 za damu hupita katika mji wa mimba kila dakika, na mishipa ya huko haina namna ya kujirekebisha presha ikipungua. Presha ya mama ikianguka, damu inayomfikia mtoto hupungua hapo hapo. Kwa dakika moja au mbili mtoto mwenye afya huvumilia. Ikiendelea, damu yake hujaa asidi, na huweza kuzaliwa amelegea na kuchelewa kulia. Yule aliyekwisha kuchoka kwa uchungu wa muda mrefu hana akiba hata ya dakika hizo mbili.

Kabla ya kuingia thieta

Nianze na maji ya kunywa, kwa sababu hapa tunawatesa akina mama bila sababu. Amri ya "usile wala usinywe kitu tangu jioni" imezoeleka mno. Chakula ni kweli kisimame angalau saa sita kabla ya upasuaji, na uji na maziwa tuvihesabu kuwa chakula. Maji ya kunywa au chai ya rangi ni jambo jingine. Kwa mama wa upasuaji uliopangwa, asiye na tatizo jingine, vinaruhusiwa hadi zikibaki saa mbili. Sasa fikiria mama aliyeacha kunywa tangu usiku, akapangwa wa kwanza asubuhi, halafu zikaja dharura mbili na zamu yake ikasogezwa hadi alasiri. Anafika mezani midomo imekauka, mkojo umekuwa wa njano iliyokolea, na mishipa yake haina cha kutosha ndani hata kabla ya kupanuliwa na ganzi. Kwa hiyo uliza mapema: maji ninywe mpaka saa ngapi? Zamu ikisogezwa, uliza tena. Mama mkwe aliyeketi nje na chupa ya chai ya maziwa naye aelezwe, ili huruma yake isije ikaharibu ratiba.

Upasuaji ukiangukia mwezi wa Ramadhani, mweleze daktari kama umefunga. Mjamzito ana ruhusa ya kidini kutofunga na kulipa baadaye, na siku ya upasuaji si siku ya kujitia ukavu.

Kisha kuna mambo ambayo mtaalamu wa usingizi lazima ayasikie kutoka kinywani mwako, kwa kuwa kadi ya kliniki haiyabebi yote. Kama umewahi kuambiwa una tatizo la moyo, sema, hata kama ni miaka mingi iliyopita na hukurudi tena hospitali. Homa ya baridi yabisi ya utotoni huacha watu wengi wa kwetu na valvu za moyo zilizokaza, na moyo wa namna hiyo hauwezi kuongeza kasi ya kusukuma damu presha inapoporomoka. Sema kama umetokwa na damu katika siku au saa zilizopita, hata kama unaiona ni kidogo. Mama aliyepoteza damu nyingi mishipa yake imejikaza ili aishi, na ganzi ikiilegeza kwa mkupuo, presha inaweza kuanguka vibaya. Wakati mwingine kwa mama kama huyo nusu kaputi ndiyo salama. Taja dawa zote unazotumia, za presha, za kuzuia damu kuganda, na dawa za kienyeji za kuongeza uchungu. Hizo za mwisho hufichwa kwa aibu au kwa kuogopa kugombezwa. Nawaomba wenzangu wa wodini tusiwagombeze. Mama aliyekaripiwa leo atanyamaza kesho, na ukimya wake utatugharimu.

Kama ulishawahi kupasuliwa na presha ikashuka sana, au ganzi ikakupanda hadi ukashindwa kuvuta pumzi, hilo ndilo la kulitanguliza kuliko yote.

Wenye kifafa cha mimba au presha ya juu ya ujauzito huuliza kama ganzi itawadhuru. Kwa kawaida presha yao hushuka kidogo kuliko ya mjamzito asiye na tatizo hilo, na ganzi ya mgongo mara nyingi ndiyo inayowafaa, ili mradi chembe za kugandisha damu hazijapungua mno na mama ana fahamu zake. Kwao tahadhari ipo kwenye maji ya dripu: yakizidi hukimbilia mapafuni.

Namba ya mwanzo

Presha ya mama ipimwe akiwa ametulia, kabla ya sindano, na ipimwe zaidi ya mara moja. Namba ile ndiyo tutakayoilinda. Wataalamu wa nchi mbalimbali waliokubaliana kuhusu jambo hili walichapisha mwongozo mwaka 2018, na shabaha yao ni kwamba presha ya juu isipungue chini ya asilimia 90 ya namba ya mwanzo, wala isiachwe kamwe ifike chini ya asilimia 80. Mama aliyeanza na 120 abaki juu ya 108, na akikaribia 96 tumeshachelewa. Aliyeanza na 160 kwa sababu ya presha ya ujauzito, akisoma 120 kwenye mashine, mpita njia ataiona namba nzuri kabisa. Kwake imeshashuka kwa robo. Ndiyo maana namba ya mwanzo iandikwe mahali inapoonekana, si kwenye faili lililobaki wodini.

Mashine ya presha ikishafungwa mkononi, ipangwe ipime kila dakika tangu sindano itoke mgongoni mpaka mtoto atoke. Wengine huiacha ipime kila baada ya dakika tano kama ilivyo kwa upasuaji wa kawaida. Ndani ya dakika tano presha inaweza kushuka, mama akatapika, mapigo ya mtoto yakapungua, na mashine ikawa bado inaonyesha namba ya zamani iliyokuwa nzuri. Kama mashine ya kujipima haipo, mtu mmoja apewe kazi ya kupima kwa mkono, na asitumwe kitu kingine.

Kanula, maji na mto wa ubavuni

Itazame kanula iliyo mkononi mwako. Ya kijani au ya kijivu ni nene na inapitisha maji kwa kasi. Ya waridi ni nyembamba zaidi, na ya buluu, inayotumika sana kwa watoto, haifai kwa kazi hii. Ukienda thieta na ya buluu si ufidhuli kuuliza kama itabadilishwa.

Zamani tuliwajaza akina mama lita nzima au zaidi ya maji ya chumvi kabla ya sindano, tukaamini tumemaliza. Ilikuja kuonekana kwamba maji yale hayakai kwenye mishipa. Muda mfupi tu sehemu kubwa imeshahamia nje yake, na ganzi inapofanya kazi msaada umepungua. Kinachofaa zaidi ni kuyafungulia maji kwa kasi wakati ule ule sindano inapochomwa, dripu ikiwa juu na mfuko ukiminywa ikibidi. Kuna faida nyingine katika kujua hili: mama wa dharura, ambaye mapigo ya mtoto wake yanapungua, asicheleweshwe wodini eti dripu iishe kwanza. Maji yenyewe yawe Ringa lakteti au maji ya chumvi. Dripu ya sukari isitumike kupandisha presha. Mama akipewa sukari nyingi kabla ya kuzaa, mtoto huzaliwa na mwili uliozoea sukari ile, kisha yake ikashuka ghafla kitovu kikishakatwa.

Mama akishalazwa, mji wa mimba uondolewe juu ya ule mshipa mkubwa. Meza huinamishwa kushoto kiasi cha nyuzi 15, au shuka au khanga iliyokunjwa vizuri huwekwa chini ya nyonga ya kulia. Uchunguzi wa picha za sumaku uliofanyika Japani na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kwa nyuzi 15 mshipa bado umebanwa, na kwamba unaanza kufunguka mama akifika nyuzi 30, ambako anahisi anataka kuanguka. Uchunguzi mwingine wa Marekani wa mwaka 2017 ulikuta kwamba kwa mama mwenye afya anayepewa maji na dawa ya kukaza mishipa muda wote, kuinamishwa au kutoinamishwa hakukubadilisha hali ya damu ya mtoto. Wapo walioyasoma haya wakaacha kabisa kumwinamisha mama. Mimi siwaungi mkono. Akina mama wa utafiti ule walikuwa na bomba la dawa linalotembea bila kukatika, na katika vituo vyetu vingi bomba hilo halipo. Penye upungufu wa dawa, khanga iliyokunjwa ina thamani zaidi. Isiwekwe tu kwa desturi: mtu ainame atazame kama tumbo limesogea kushoto kweli. Na presha ikigoma kupanda, mtu ausukume mji wa mimba kushoto kwa mikono miwili.

Wengine hufunga miguu ya mama kwa bendeji au soksi za kubana ili damu isituame huko. Husaidia kiasi, haigharimu sana, na ni jambo ambalo nesi wa wodini anaweza kulimaliza kabla mama hajapelekwa thieta.

Dawa ya kukaza mishipa

Hapa ndipo penye uzito wote. Kwa kuwa ganzi imelegeza mishipa, dawa ya msingi ni ile inayoirudisha katika ukazo wake. Mwongozo wa 2018 ulichagua fenilefrini, na ukasema ianzwe kwa bomba la polepole mara tu sindano ya ganzi inapotoka, mama akiwa bado anajisikia vizuri na presha haijagusa chini. Ikizidi hupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo jicho moja libaki kwenye mapigo na atropini iwe karibu. Noradrenalini iliyochanganywa ikawa nyepesi nayo imeanza kutumika tangu watafiti wa Hong Kong walipochapisha kazi yao mwaka 2015, na haipunguzi sana mapigo.

Vituo vingi vya Afrika Mashariki vina efedrini. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na imeandikwa humo kwa ajili ya kazi hii hii, kuzuia presha kushuka wakati wa ganzi ya mgongo kwa mama anayejifungua. Upungufu wake ni kwamba huvuka kondo la nyuma, humkimbiza mtoto moyo na kuongeza asidi katika damu yake, hasa ikitolewa kwa wingi. Pamoja na hayo, efedrini iliyopo sasa ni bora kuliko fenilefrini iliyoko bohari kuu. Presha iliyoachwa chini humdhuru mtoto kuliko dawa hiyo. Na mama ambaye presha yake imeshuka na mapigo nayo yamepungua, efedrini humfaa kuliko fenilefrini.

Iwe dawa gani, jambo moja silipatanishi na lolote. Ivutwe kwenye sirinji, ichanganywe, ibandikwe jina na nguvu yake, na iwekwe pembeni kabla mgongo wa mama haujapakwa spiriti. Nimeona mtu akivunja ampuli kwa vidole vinavyotetemeka huku mama akitapika na mashine ikipiga kelele, akihesabu mililita kichwani. Hapo ndipo makosa ya mara kumi hutokea, kwa mtu mwenye ujuzi na nia njema.

Mwaka 2017 kundi la Cochrane lilikusanya tafiti 126 zilizohusisha akina mama 9,565 ili kuona ni njia gani inazuia presha kushuka. Maji yalisaidia, dawa za kukaza mishipa zilisaidia, kufunga miguu kulisaidia, hata ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, ilisaidia. Hakuna hata moja iliyoondoa tatizo ikiwa peke yake. Kwa hiyo anayesema "sisi tunatoa maji tu, inatosha" au "tunainamisha meza, inatosha", asahihishwe kwa upole lakini asahihishwe. Zinafanywa pamoja.

Walio katika kamati za usimamizi wa vituo vya afya, na waganga wafawidhi wanaosaini maagizo ya dawa, nawaomba watazame kitu kimoja kwenye daftari la bohari: kama bupivakeini ipo na dawa ya kukaza mishipa haipo, kituo kina nusu ya vifaa vya ganzi ya mgongo. Ziagizwe pamoja, kila mara.

Usijikaze

Tunawafundisha wanawake kujikaza. Katika uchungu mkunga atakwambia jikaze, mama yako atakwambia jikaze, na huko inaweza kukusaidia. Mezani, tafadhali acha. Nimewahudumia akina mama waliokuwa wakimeza mate na kukunja uso kimya kimya, wakiogopa kuonekana wasumbufu, mpaka jasho likaonekana juu ya mdomo. Mama huhisi kushuka kwa presha kabla mashine haijamaliza kujaza upepo mkononi. Neno lake linatuwahisha kwa nusu dakika au zaidi, na nusu dakika ni nyingi.

Itakuwa hivi. Utaketi pembeni ya meza, miguu ikining'inia, umekumbatia mto, kidevu kifuani, mgongo umetokeza nje. Utahisi baridi ya spiriti, kichomo kidogo, kisha msukumo. Hazipiti sekunde nyingi makalio yanaanza kupata joto, miguu inakuwa mizito. Utalazwa. Tangu hapo mtu aliye kichwani kwako anasubiri neno lako. Ukihisi moyo unachefuka, masikio yanavuma, sauti za watu zinakwenda mbali, unapiga miayo bila usingizi, macho yanaingia kiza, kifua kizito, sema pale pale, kwa neno lolote: "Daktari, najisikia vibaya." Hilo linatosha. Usingoje uwe na hakika.

Anayetoa ganzi naye amwambie mama haya kabla ya sindano, kwa lugha anayoielewa, na aendelee kuongea naye. Akiuliza kila baada ya muda mfupi, "Mama, unajisikiaje?", na kumwomba aminye vidole vyake, anapata taarifa mbili kwa pamoja: kama ubongo unapata damu, na kama ganzi haijapanda mno. Mama anayeshindwa kuminya, ambaye sauti yake imegeuka mnong'ono, au anayesema hewa haiingii, ganzi yake huenda imefika juu. Ni nadra, lakini inahitaji mfuko wa kupumulia, mpira wa kooni na mtu anayejua kuvitumia, vyote vikiwa chumbani humo tangu mwanzo. Kuhisi kifua kizito kidogo huku mkono ukiminya kwa nguvu na sauti ikisikika vizuri ni kawaida. Misuli ya mbavu imelala, kinachopumua ni kiwambo. Mama aelezwe hivyo asiogope.

Mtoto akishatoka kuna mtego mwingine. Oksitosini, ile sindano ya kuukaza mji wa mimba usivuje damu, ikisukumwa kwa haraka mshipani hulegeza mishipa na kuishusha presha upya, na kwa mama aliyepoteza damu inaweza kumwua. Itolewe taratibu.

Ukirudi wodini

Ganzi huendelea kufanya kazi kwa saa kadhaa, na presha ipimwe mara kwa mara katika muda huo. Hapa naomba tahadhari ambayo ni kinyume cha niliyoyasema hadi sasa. Mezani, presha ikishuka baada ya sindano, mshukiwa wa kwanza ni ganzi. Wodini, saa moja au mbili baadaye, mshukiwa wa kwanza ni damu. Mwaka 2019 jarida la Lancet Global Health lilichapisha uchunguzi wa akina mama 3,684 waliojifungua kwa upasuaji katika nchi 22 za Afrika. Vifo vilikuwa takriban mara 50 ya vile vya nchi tajiri, na tatizo lililojitokeza zaidi lilikuwa kutokwa na damu. Kwa hiyo presha ikipungua na mapigo yakienda mbio, au mama akiwa amepauka, ana kiu kali, anahangaika kitandani, asiambiwe "ni ganzi hiyo, itaisha". Afunuliwe, pedi itazamwe, tumbo lishikwe kama mji wa mimba ni mgumu, daktari aitwe. Damu inaweza pia kuwa inavuja ndani bila kuonekana kwenye pedi. Ndugu aliyeketi kando ya kitanda anaruhusiwa kuita nesi mara ya pili na ya tatu.

Kuinuka mara ya kwanza kusifanywe peke yako. Hakikisha kwanza unaweza kunyanyua mguu na kukunja goti. Keti kitandani, miguu chini, kwa dakika kadhaa. Kizunguzungu kikija, lala tena. Mtu akushike ubavuni unaposimama, na mtoto abaki kitandani au kwa mwingine, kwa kuwa wapo waliodondoka naye njiani kwenda msalani.

Kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani, omba mambo matatu yaandikwe kwenye kadi au karatasi ya ruhusa: ulipewa ganzi ya aina gani, presha yako ilishuka kiasi gani, na dawa gani iliipandisha. Karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na kadi ya mtoto, ambayo hupotea mara chache, na mimba ijayo ipelekwe kliniki siku ya kwanza.